Somo: Kumchagulia mwanafunzi wa kati vipande na mazoezi ya piano

Mwanafunzi wa kati ninayemzungumzia hapa ameshamaliza vitabu vya mwanzo. Anasoma noti za mikono yote miwili bila kuhesabu mistari kwa kidole, anapiga skeli (ngazi za noti) za meja zenye shapu au flati (alama za kupandisha au kushusha noti) mbili tatu, na kipande cha kurasa mbili hakimtishi. Hapo ndipo wengi hukwama, na mara nyingi si kwa uvivu. Wanapewa kipande kikubwa kupita uwezo wao, wanakaa nacho miezi kadhaa, wanakikariri kwa vidole, na mwisho wake wanajua kipande kimoja tu.

Hatua ya 1: Mpime kwa ukurasa mgeni

Usimpime kwa kile anachokijua kwa moyo. Mpe ukurasa asiouona kabla. Kipimo changu ni hiki: katika wiki ya kwanza aweze kukipitia kipande chote, mikono yote miwili, polepole, hata kwa makosa. Asipofika mwisho, kipande hicho si cha sasa. Kiweke kando bila kumlaumu.

Hatua ya 2: Kila kipande kiwe na ugumu mpya mmoja

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Kabla ya kumpa kipande, jiulize: hapa atajifunza nini ambacho hakijui? Jibu likiwa mambo manne, umeshakosea kuchagua.

Chukua “Arabesque” ya mtunzi Burgmüller, namba 2 katika mazoezi yake 25 ya Op. 100 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi). Iko katika A maina. Mkono wa kulia unapiga noti nne za haraka na ya tano ya kutua, huku wa kushoto ukigonga kodi fupi (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Wanafunzi huipenda mara moja kwa sababu inasikika ngumu kuliko ilivyo. Kisha inakuja sehemu ya pili, kazi ileile inahamia mkono wa kushoto, na ghafla mwendo unaporomoka. Ugumu mpya ndio huo: mkono wa kushoto kukimbia sawasawa na wa kulia. Kwa hiyo mwanafunzi aanze kujifunza sehemu hiyo kwanza, na mwendo wa kipande chote upangwe kwa kile ambacho mkono wa kushoto unaweza. Akianza mwanzoni kwa kasi ya mkono wa kulia, atajizoeza kuporomoka.

Hatua ya 3: Changanya enzi

Kwa Bach, toka kwenye daftari la mkewe, Anna Magdalena, la 1725, pitia vitangulizi vidogo, ndipo uje kwenye invensheni 15 za sauti mbili (vipande vifupi ambavyo kila mkono una wimbo wake). Ya kwanza, ya C meja, ni mlango mzuri. Ya nne inaonekana rahisi kwenye karatasi, lakini ina trili ndefu (noti mbili jirani zinazopishana haraka) katika mkono wa kulia na baadaye katika wa kushoto, kwa hiyo isubiri.

Kwa sonatina (sonata fupi na nyepesi), Clementi Op. 36 (1797), kisha Kuhlau Op. 55, kisha sonata ya Beethoven Op. 49 Na. 2. Kwa vipande vya hisia na pedali, Schumann Op. 68 au Tchaikovsky Op. 39. Na tafadhali msiisahau karne ya 20: Kabalevsky Op. 27, au kitabu cha tatu na cha nne cha “Mikrokosmos” ya Bartók. Sikio lililolelewa kwa Clementi peke yake hushtuka likikutana na kodi zinazogongana, na ni afadhali lishtuke mapema.

Hatua ya 4: Vipande vitatu kwa mpigo

Kimoja kigumu, cha wiki sita hadi nane. Kimoja cha kumalizika ndani ya wiki mbili. Na kingine cha kusoma tu, kipya kila siku, chepesi, hakirudiwi. Walimu wengi hutoa cha kwanza na kusahau viwili vilivyobaki. Kwangu mimi hicho cha wiki mbili ndicho chenye thamani zaidi, maana kinampa mwanafunzi uzoefu wa kumaliza.

Hatua ya 5: Mazoezi yatoke kwenye kipande

Hapa najua tutabishana. Kitabu cha Hanon cha 1873 chenye mazoezi 60 kina kazi yake, lakini 20 ya kwanza yote yako katika C meja, na mkono unaozoea funguo nyeupe tu utashangaa ukifika E meja. Ukiyatumia, chagua mawili, uyahamishie kwenye ufunguo wa kipande anachojifunza, yaani skeli ambayo kipande kimejengwa juu yake. Vitabu vya mazoezi vya Czerny navyo havisomwi kutoka jalada hadi jalada. Op. 599, kisha Op. 849, kisha Op. 299 ni ngazi nzuri, ila chagua zoezi linalogusa kile kinachomsumbua mwanafunzi wiki hiyo.

Zoezi bora mara nyingi ni baa mbili (vyumba viwili vya mapigo kati ya mistari ya wima) za kipande chenyewe. Zipigwe kwa mapigo ya kuchechemea, ndefu-fupi, kisha fupi-ndefu, kisha sawasawa. Ongeza skeli na arpejio (noti za kodi zikipigwa moja moja) za ufunguo huohuo. Katika dakika 45 za kupiga, mazoezi haya yasizidi dakika 10.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu wa miaka 10 anang’ang’ania “Für Elise”. Nimkatalie?

Jibu: Marahaba. Usimkatalie, ila ujue kwamba hicho ni vipande vitatu ndani ya kimoja. Sehemu ya mwanzo inamfaa mwanafunzi wa kati. Ile ya F meja ina noti za haraka sana, na ile ambayo mkono wa kushoto unagonga A mfululizo inachosha kifundo cha mkono. Mpe sehemu ya kwanza tu, kama kipande chake cha wiki mbili. Zilizobaki atazikuta.

Swali: Mkono wangu ni mdogo, haufiki oktava (funguo nyeupe nane). Nipige nini?

Jibu: Invensheni za Bach zitakufaa sana, kwa kuwa kila mkono una sauti moja. Ukikutana na kodi pana, kama ile moja katika preludi (kipande kifupi) ya Chopin Op. 28 Na. 7, ipige kwa kuimwaga noti baada ya noti kutoka chini kwenda juu. Usilazimishe kunyoosha. Ukisikia maumivu, simama siku hiyo.

Swali: Mimi nina kinanda cha umeme cha funguo 61. Ninajisumbua?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Piano nyingi za siku za Clementi zilikuwa na oktava tano, idadi ileile ya funguo. Tofauti ni kwamba zilianzia F ya chini, na chako kwa kawaida huanzia C, kwa hiyo noti chache za besi utazipandisha oktava moja. Bach na sonatina zitakaa vizuri. Schumann ndiye atakayekupa shida kama funguo hazina uzito, maana huwezi kutofautisha sauti ya juu na zinazoisindikiza. Hapo azima piano hata mara moja kwa wiki.

Swali: Nitajuaje kwamba kipande kimenishinda?

Jibu: Kosa lilelile, baa ileile, wiki mbili mfululizo, hata ukipiga polepole. Kiache miezi mitatu. Ukikirudia, anzia kwenye baa hiyo.