Unaenda Norwei? Usirudi Arusha bila kuona taa za kaskazini

Wadau, hapa kwetu hata upande Meru usiku kucha hutaziona hizi taa, yaani ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku, maana chembe zinazotoka kwenye jua zinaelekezwa na usumaku wa dunia kule kwenye ncha za dunia. Ila ukipata safari ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, nenda kati ya Septemba na Machi, toka mjini kwenye giza, mawingu yasiwepo, anza kuangalia kuanzia saa tatu usiku. Mwanzo utaona kama kawingu keupe tu, usiondoke jamani, subiri kaanze kucheza! Ule ukijani ni oksijeni, kama kilomita 100 juu, nyekundu iko juu zaidi. Simu weka modi ya usiku, iegemeze kwenye jiwe isitikisike, ukishapiga irudishe mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji fasta.