Namna ya kukusanya na kuandika habari za wenzetu tuliosoma nao chuo Mtwara

Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris Mtwara, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilianza mwaka 2009, na wengi waliopita hapo walisomea ualimu. Mwalimu ni mtu wa kuhamishwa kituo: leo yuko Nanyumbu, mwakani Liwale, kisha unasikia yuko Katavi. Kwa hiyo darasa lililohitimu pamoja hupotezana haraka, isipokuwa mmoja wao akubali kazi ya kutafuta habari za wenzake na kuziandika angalau mara moja kwa mwaka. Maelezo haya nimemwandalia huyo.

Anza na daftari, si simu. Andika jina la kila mwenzako kama lilivyosajiliwa chuoni, kozi yake, mwaka aliohitimu na jina alilozoeleka nalo bwenini, kwa kuwa darasa letu peke yake lilikuwa na akina Hamisi watatu. Dada walioolewa waulizwe wenyewe wangependa kuandikwa kwa jina lipi, na majina yote mawili yabaki daftarini.

Wakati wa kupiga simu una uzito kuliko tunavyodhani. Likizo ya Juni ni nzuri kwa walimu, ingawa wenye mikorosho Tandahimba na Newala huwa shambani wakipulizia salfa, hivyo wapigiwe baada ya magharibi. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza, Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne, na utakayempata atakujibu kwa mkato.

Swali la kwanza ndilo linaloamua kama utapata habari au utapata ukimya. Ukimuuliza mtu “Unafanya kazi wapi?” ilhali amesubiri ajira ya serikali kwa miaka, atakuambia mtandao unasumbua na hutampata tena. Nimewapoteza wenzangu kadhaa kwa swali hilo, na inaniuma hadi leo. Muulize: “Uko wapi siku hizi, na shughuli ipi inakuchukua muda zaidi?” Aliyerudi Ruangwa kulima ufuta, anayefundisha masomo ya ziada Masasi kwa malipo ya wazazi, na aliyebaki Lindi mjini kumuuguza baba yake, wote wana habari za maisha sawasawa na aliyeteuliwa kuwa mkuu wa shule, na kila mmoja astahili kupewa mistari mingi kama mwenzake. Mimi hukataa kabisa kupanga majina kwa vyeo. Ninayapanga kwa alfabeti.

Ukishapata habari, ihakikishe kwa mwenyewe. Mwaka mmoja mwenzetu alituma ujumbe mfupi kwamba mama amefariki, nami nikaandika kuwa amefiwa na mama yake mzazi. Aliyefariki alikuwa mama yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni, na habari yangu ilimfikia akiwa ameketi na mama mzazi msibani. Nilisafiri kwenda kuwaomba radhi wote wawili. Tangu hapo, nikiambiwa “mama”, “baba” au “kaka”, kwanza natoa pole, na siku zikipita nauliza kwa upole ni nani hasa, kwa sababu katika familia zetu maneno hayo yanabeba watu wengi.

Maradhi, talaka na mimba usiviandike bila ridhaa ya mhusika, hata kama darasa zima linajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka uangalifu wa pekee katika habari za afya ya mtu. Namba za simu nazo zibaki daftarini. Anayetaka namba ya mwenzake akuombe wewe, nawe umuulize kwanza mwenye namba.

Katika kuandika, taja jina, mwaka wa kuhitimu, mahali alipo na jambo moja lililo hai, kwa mfano: “Hamisi (2014) yuko Kilwa Masoko, anafundisha Jiografia, na mwaka huu amemaliza kuezeka nyumba ya wazazi wake.” Acha sifa kama “mchapakazi hodari”, maana ukimpa mmoja, wengine watajiuliza kwa nini wamenyimwa. Waliofariki watangulie mbele ya wote, kila mmoja kwa sentensi zake kamili, pamoja na mahali alipozikwa ili anayepita njia hiyo aweze kuzuru kaburi.

Mwisho, usitegemee simu janja kwa kila mtu. Chapisha nakala chache, zitie kwenye bahasha zenye majina, na uwakabidhi makondakta wa mabasi ya Newala na Liwale pale stendi, kisha umpigie kila mwenye bahasha kumweleza asubiri basi gani.