Namna ya kuchagua begi la chuo la kubebea vitabu na kompyuta mpakato

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo uliopita nilimsindikiza mpwa wangu Kariakoo kununua begi la kuanzia mwaka wa kwanza. Mimi ni fundi wa kushona na kukarabati mabegi, na kwa sababu hiyo nilimwambia mama yake kwamba shughuli hiyo haitazidi nusu saa. Ilituchukua safari tatu. Ninaandika mwongozo huu ili mwanafunzi mwingine amalize kwa safari moja, na msomaji atanisamehe nikikaa kwa muda mrefu kwenye hatua ile iliyonishinda.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kabla ya kupima begi

Weka mezani kila kitu utakachobeba siku yenye vipindi vingi kuliko zote: kompyuta, chaja, vitabu, madaftari, chupa ya maji na mwavuli. Vitie kwenye mfuko wowote, kisha omba kupimiwa kwenye mzani wa duka la jirani. Kompyuta ya kawaida yenye kioo cha inchi 15.6 hukaribia kilo 2, na lita moja ya maji ni kilo 1, hivyo kilo 5 hufikiwa upesi. Jitahidi mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, au ukizidi usizidi sana. Ikiwa unazidi, tatizo lako si begi, na hakuna begi nitakalokushauri litakalolitatua.

Hatua ya pili: pima kompyuta yenyewe, kisha pima mfuko wake

Namba ya inchi inayotajwa kwenye kompyuta ni urefu wa kioo tu, tena kimshazari, kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo. Haisemi chochote kuhusu upana wa mashine. Kioo cha inchi 15.6 cha umbo la kawaida kina upana wa takriban sentimita 34.5, lakini mwili wa kompyuta huongeza fremu pande zote, na kwa kawaida hufika sentimita 36 hivi kwa 24 au 25. Kompyuta za zamani na zile za michezo huwa kubwa zaidi ingawa namba ni ileile. Kwa hiyo kibandiko cha begi kilichoandikwa 15.6 ni makisio ya kiwanda, na safari yetu ya kwanza iliharibika kwa sababu tulikiamini.

Chukua rula au futi ya fundi cherehani upime urefu, upana na unene wa kompyuta. Pima unene ikiwa imefungwa na imewekwa chini, ili vile vimiguu vya mpira vihesabiwe. Kama unatumia kava, pima pamoja na kava. Ya mpwa wangu ilikuwa sentimita 36 kwa 25, na unene wa sentimita 2.4.

Sasa linakuja kosa la safari ya pili, ambalo fundi hakupaswa kulifanya. Kwenye begi la mgongoni kompyuta husimama wima, kwa hiyo upande unaopita kwenye mdomo wa mfuko ni ule mfupi, yaani sentimita 25. Niliulaza mfuko, nikapima mdomo wake, nikapata sentimita 26, nikalipa. Tulipofika nyumbani kompyuta ikaingia nusu na kukwama. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila anayeshona foronya analijua: mto mnene hula upana wa kitambaa. Mfuko uliolala ni vitambaa viwili vilivyoshonwa kando, na kitu chenye unene kikiingia kati yake, upana hupungua kwa kiasi cha unene huo. Mdomo uliolazwa unapaswa kuwa sawa na upana wa kompyuta kujumlisha unene wake, halafu uongeze sentimita moja ya nafasi. Kwa kompyuta ile hesabu ilikuwa 25 na 2.4 na 1, yaani sentimita 28.4. Tulikosa kwa zaidi ya sentimita mbili.

Kanuni hiyo ina masharti yake. Baadhi ya mifuko imeshonwa na ukuta wa pembeni, kama boksi. Hiyo huhitaji kujumlishiwa unene tu ikiwa ukuta ni mwembamba kuliko kompyuta. Mingine ina mdomo wa lastiki, na muuzaji atakuonyesha jinsi unavyovutika. Usiitegemee lastiki kwa zaidi ya sentimita moja, kwani huchoka mapema. Tena, mfuko unaoingiza kompyuta kwa urahisi begi likiwa tupu unaweza kukataa vitabu vinapojaa upande wa pili, hivyo jaribu ukiwa umeshajaza vitabu. Mwisho, tazama mahali zipu ya juu inapopinda. Mabegi mengi yana mabega ya duara, ilhali kompyuta ina pembe, na kompyuta inayoingia vizuri mfukoni inaweza kugonga zipu kwenye kona kila unapofunga. Zipu inayolazimishwa hivyo kila siku haimalizi muhula.

Kabla hujaondoka kwenye mfuko huo, tia mkono hadi chini kabisa. Ukigusa sakafu ya begi, maana yake kompyuta itagonga sakafu ya darasa kila utakapotua begi. Mfuko mzuri huning'inia, na mwisho wake uko angalau sentimita 2 juu ya kitako cha begi. Ukilipenda begi lisilo na sifa hiyo, na mfuko una kina cha ziada, mpelekee fundi apige mshono wa kukata mfuko sentimita 3 kutoka chini. Kama hauna kina cha ziada, kata kipande cha soli ya kandambili zilizochakaa ukilaze chini ya mfuko. Nimewafanyia hivyo wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hatua ya tatu: ligeuze begi nje ndani

Wauzaji hawapendi jambo hili, lakini lifanye. Kingo za vitambaa ndani ziwe zimezungushiwa utepe na kushonwa. Kingo zilizoachwa wazi zikichanua nyuzi, mshono utafunguka mzigo ukizidi. Pale mikanda ya mabegani inapoungana na begi, tafuta mshono wa mraba wenye msalaba katikati, au mshono mzito uliorudiwa mara nyingi. Mstari mmoja tu wa uzi hapo ni sababu ya kulirudisha begi kwenye msumari, hata liwe zuri namna gani. Kazi nyingi zinazoletwa kibandani kwangu ni za mahali hapo na za zipu.

Kuhusu zipu, mimi nina msimamo: iwe nene, ya meno ya plastiki yaliyosokotwa kama koili, namba 8 au 10. Namba hiyo ni takriban upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita, na mara nyingi imeandikwa nyuma ya kichwa cha zipu. Herufi za kampuni maarufu ya Japani, YKK, zisikutulize peke yake, kwa kuwa huigwa. Ivute mara ishirini, ukipita kwenye kona. Zipu ya koili ikichoka, mara nyingi tatizo ni kichwa, na kubadilisha kichwa ni kazi ya dakika chache. Meno ya chuma yakivunjika, zipu nzima inang'olewa.

Hatua ya nne: kitambaa na mvua

Ukiona namba kama 600D au 1680D, hiyo ni denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi uliofumiwa kitambaa. Kubwa ni nzito zaidi. 600D inatosha kwa mwanafunzi. Kinachozuia maji si uzi bali rangi ya plastiki iliyopakwa upande wa ndani. Mwagia matone machache ya maji juu ya kitambaa, usubiri, kisha pangusa ndani kwa kidole. Hata begi likifaulu, maji ya masika yatapita kwenye mishono na zipu, kwa hiyo weka mfuko wa plastiki mgumu wa kufunikia kompyuta.

Kwa wanaonunua mitumba pale Karume, na mimi mwenyewe huko ndiko ninakopenda, nusa ndani na upapase. Ile rangi ya plastiki huoza kwa joto na unyevu ikawa ya kunata, kisha ikamomonyoka kama magamba, na magamba hayo huingia kwenye feni ya kompyuta. Begi la namna hiyo halikarabatiki.

Mabegi yenye tundu la kuchajia simu ubavuni siyashauri. Hayana umeme wowote mpaka uweke pawabenki yako ndani, na tundu lenyewe ni mlango wa maji.

Hatua ya tano: livae likiwa na mzigo

Tia dukani ule mzigo uliopima nyumbani, kompyuta ikiwa upande wa mgongo, halafu tembea. Mikanda iwe na upana wa vidole vinne hivi na sponji isiyobonyea hadi kuisha. Kisha ligeuzie kifuani, kwa kuwa ndivyo utakavyolibeba kwenye daladala la jioni, na uone kama bado unaweza kufikia nauli mfukoni.