Unapaka rangi bafu hapa Kigoma? Angalia mwanga na vumbi kwanza, katalogi baadae

Wengi wetu tukifika kwenye bafu hela imeshaisha. Sebule imekula, chumba cha masta kimekula, afu bafu linapewa ile rangi iliyobaki kwenye ndoo. Ndo maana unaingia nyumba nzuri tu pale Gungu au Katubuka, sofa safi, mapazia safi, ukiomba kunawa unakuta chumba cha kijani kilichokolea, giza mchana kweupe. Bafu ndo chumba kidogo kuliko vyote na ndo kinachafuka kuliko vyote, kwaiyo rangi yake ifikirie peke yake, na vitu vya kukuchagulia ni viwili: mwanga unaoingia mle ndani na uchafu unaopiga ule ukuta. Katalogi ya dukani ije ya tatu.

Tuanze na mwanga. Bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja kidogo cha juu, wavu wa mbu umeshajaa vumbi, na nje yake kuna ukuta wa jirani. Ingia saa sita mchana, zima taa, funga mlango, jaribu kusoma maandishi madogo kwenye boksi la dawa ya meno. Ukishindwa, hilo bafu ni la giza, achana na bluu iliyokolea, ugoro na kijivu cha lami hata kama umeziona zinapendeza kwenye simu. Chukua krimu, maziwa, pichi iliyopauka au kijani hafifu sana. Kama dirisha lako linatazama ziwani, yani magharibi, una bahati ya jua la jioni ambalo linaingia la njano njano, hapo krimu itaonekana ya njano zaidi ya ulivyotaka, lakini bluu hafifu au kijivu chepesi vinakaa vizuri kwa sababu lile jua linaviondolea ubaridi.

Halafu kuna kitu watu wanasahau, wengi wetu tunaoga alfajiri au usiku, kwaiyo rangi utakayoiona kila siku ni ile ya chini ya taa. Taa ya mwanga mweupe kabisa inafanya kijivu kionekane cha baridi, na taa ya njano inaifanya bluu ivutie kwenye kijani na ionekane imefifia, so nunua taa kabla ya rangi, ifunge, ndo uanze kuchagua. Na kama kioo kiko humo humo bafuni, jihadhari na kijani kikali na njano kali, ukuta unatupa rangi yake usoni, unajiangalia asubuhi unajiona kama umetoka kulazwa hospitali ya Maweni. Akina dada wanaojipodoa bafuni hili wanalijua.

Sasa nyeupe. Fundi akiona hujui unachotaka atakwambia "mama, tuweke nyeupe tu, haina kosa." Kosa linakuwepo. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa chumba kisicho na mwanga inageuka njano yenyewe taratibu, hata ukisugua vipi hairudi, maana sio uchafu, ni mafuta ya rangi yenyewe. Bora uanze na krimu au rangi ya maziwa, ikibadilika kidogo hakuna atakayejua. Nyeupe safi iweke darini, tena ya maji, inarudisha mwanga chini na chumba kinaonekana kirefu.

Uchafu ndo kwenye kazi yenyewe. Hapa kwetu udongo ni mwekundu, kiangazi vumbi linaingia na upepo, masika linaingia na miguu na ndala, mtu anajimwagia maji kwa kopo, maji yanapiga sakafu yanaruka ukutani. Ukiangalia bafu lolote la ndoo utaona ukuta wa chini una wekundu na juu kidogo kuna alama nyeupe za povu la sabuni. Hapo ndo watu wanakosea, wanaona vumbi wanakimbilia damu ya mzee au nyeusi. Vumbi kweli litajificha, ila sabuni ikikauka juu ya rangi nzito inaonekana mistari mistari mpaka mlangoni. Kinachoficha vyote viwili ni rangi za katikati, kahawia ya udongo uliopauka, kijivu cha kati, ile rangi ya mchanga wa ufukwe wa Kibirizi ukiloa. Kama hujaweka marumaru, paka rangi ya katikati ya mafuta kuanzia sakafuni mpaka mita 1.5, juu yake weka rangi nyepesi ya maji ya silki, ile yenye mng'ao kidogo. Usikubali mati, ile isiyong'aa, bafuni, inanyonya maji na ukiifuta inachubuka.

Wenye marumaru mna kazi rahisi, marumaru ndo bosi. Chukua kipande kilichovunjika wakati wa kukata, nenda nacho dukani, kishike pembeni ya kadi za rangi nje kwenye mwanga wa jua. Utagundua marumaru uliyoiita nyeupe ina ukijivu au ina ukrimu, basi ukuta ufuate huko huko. Krimu juu ya marumaru ya kijivu inaonekana kama moshi umepita.

Ukishapata rangi mbili tatu usimalizie kwenye kadi. Nunua kopo dogo kabisa, paka kipande cha boksi mikono miwili, yani upake mara mbili, kiache kikauke vizuri, maana rangi ya maji ikikauka inakolea, afu kisimamishe bafuni asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Chumba kidogo kuta zinatupiana rangi, kwaiyo ile unayoipenda kwenye kadi ukutani itatoka kali zaidi. Chukua iliyo nyepesi zaidi kwa hatua moja.

Kabla ya kupaka, kama ukuta una madoa meusi ya ukungu yaondoe kwanza, rangi mpya haiui ukungu, unatokea tena juu yake. Jiki sehemu moja, maji sehemu tatu, dirisha wazi, sugua, suuza, acha ukauke kabisa. Na usichanganye jiki na ile dawa kali ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu, bafu ni dogo, utaanguka humo humo. Plasta mpya ipe kama wiki nne, saruji mbichi inaichoma rangi mpaka inatoka madoa na kubanduka. Doa la bati linalovuja, ziba bati kwanza, afu piga andakoti ya mafuta, ile rangi ya kutangulia chini, juu ya doa, la sivyo litapenya.

Hesabu usimwachie fundi. Bafu la mita 1.5 kwa 2 lina mzunguko wa mita 7, kama marumaru zimefika mita 1.5 na ukuta una mita 2.7, kilichobaki ni mita 1.2 mara 7, ni mita za mraba 8 na kitu. Lita moja kwenye ukuta laini inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili lita mbili zinatosha kwa shida, kwaiyo galoni ya lita 4 inamaliza na inabaki ya kurekebishia. Ndoo ya lita 20 ni ya nini? Ila rangi kali kama nyekundu na njano hazifuniki vizuri, hizo zinataka mkono wa tatu. Na nunua yote siku moja, kama imechanganywa kwa mashine hakikisha ni mchanganyo mmoja, ukirudi wiki ijayo unaweza kupewa iliyopishana kidogo, au uambiwe subiri mzigo wa Dar, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,000.

Miezi ya Juni mpaka Septemba inakausha haraka, ila mwagia maji uwanja wa nje kabla fundi hajaanza vumbi lisirukie rangi mbichi. Akimaliza ogeni kwa jirani siku kadhaa, hasa kama ni ya mafuta. Namba ya rangi iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo lenyewe, mfuniko unapotea.