Kabla ya kuomba msamaha wa kitabibu jeshini Marekani ukiwa uliwahi kutibiwa afya ya akili

Daktari atakayeamua kama jeshi la Marekani likupokee licha ya sonona uliyotibiwa miaka iliyopita hatakutana nawe. Ataletewa faili, atasoma tarehe, majina ya dawa na maelezo ya waliokutibu, kisha atatoa uamuzi. Kwa hiyo maandalizi ya msamaha wa kitabibu, yaani ruhusa ya kuingia jeshini ingawa hukutimiza vigezo vya afya, ni kazi ya kukusanya karatasi, na inafaa ifanyike kabla hujaketi mbele ya afisa mwandikishaji. Inawahusu vijana wetu wengi walio huko, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, ambao jeshi kwao ni ajira, ada ya chuo na uraia unaokuja mapema. Kama wewe si raia, hakikisha kwanza una kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, mkononi. Mpango wa MAVNI, uliowahi kuwapokea baadhi ya wasio na kadi hiyo na kukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotafutwa, ulisimamishwa mwaka 2016, na ombi la kadi ambalo bado halijajibiwa halitoshi.

Kabla ya kufikiria msamaha, jua kama unauhitaji. Wengi hudhani kwamba kumwona mshauri nasaha hata mara moja kunakufungia mlango. Si kweli. Vigezo vimeandikwa katika agizo la Wizara ya Ulinzi namba 6130.03, juzuu ya kwanza, sehemu ya magonjwa ya akili na tabia, na linasomwa bure mtandaoni. Tafuta toleo lenye mabadiliko ya karibuni, maana hurekebishwa mara kwa mara.

Kwa sonona, agizo linakuzuia kama matibabu bila kulazwa, ushauri nasaha ukiwemo, yalizidi jumla ya miezi 12. Kama dalili au matibabu yalikuwepo ndani ya miezi 36 iliyopita. Kama ulilazwa kwa sababu hiyo. Kama ugonjwa ulirudi baada ya kupona. Au kama palikuwa na suala la kutaka kujiua. Wasiwasi uliokithiri hupimwa kwa mizani ileile. Tatizo la kushindwa kuhimili mabadiliko, lile ambalo madaktari huliandika baada ya msiba, talaka au kuhamia nchi ngeni, ni jepesi zaidi: kama lilitokea mara moja, halikuzidi miezi sita, na miezi sita imepita tangu dalili na matibabu viishe, huhitaji msamaha kwa ajili yake. ADHD, tatizo la kukosa utulivu na umakini, huangaliwa kwa dawa ulizoandikiwa ndani ya miezi 24 iliyopita, kwa mpango maalumu wa masomo uliopewa baada ya kutimiza miaka 14, kwa ushahidi kwamba masomo au kazi viliharibika, na kama kulikuwa na ugonjwa mwingine wa akili pamoja nayo. Yapo pia mambo yasiyosamehewa kabisa. Maelekezo ya wizara ya Julai 2025 yameweka humo skizofrenia ambayo bado inatibiwa na jaribio la kujiua ndani ya miezi 12 iliyopita.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huanguka. Kama dalili hazikuendelea baada ya matibabu, miezi 36 huanza kuhesabiwa siku ya matibabu ya mwisho, si siku uliyojisikia umepona. Matibabu ya mwisho ni kidonge cha mwisho au kikao cha mwisho, chochote kilichochelewa zaidi. Duka la dawa lililowekwa kujaza dawa lenyewe kila mwezi laweza kuendelea kuandika kwamba umechukua sertralini, dawa ya sonona, hadi Juni wakati wewe uliacha Januari. Msomaji wa faili ataamini orodha ya duka. Ukiona hivyo, mwombe daktari aandike tarehe halisi aliyokuachisha dawa, na uambatishe barua yake. Ile miezi 12 nayo ni ya jumla: miezi mitano ya ushauri ukiwa sekondari na minane ukiwa chuoni hufanya 13, hata kama katikati palipita miaka miwili.

Jambo moja lisijadiliwe: usiache dawa ili tu saa ianze kuhesabu. Dawa za sonona hupunguzwa polepole chini ya uangalizi, na anayezikata ghafla huweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, kukasirika ovyo, kisha ugonjwa ukamrudia. Ugonjwa ukirudi umeshapoteza vyote, afya na ombi lenyewe, kwa sababu kurudi kwa ugonjwa ni kizuizi kinachojitegemea. Kama bado unahitaji dawa, endelea nazo; jeshi lisubiri. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia popote ulipo Marekani, piga 988 usiku au mchana na uombe mkalimani.

Ukishajua hesabu yako, tafuta faili zako mwenyewe. Sheria ya HIPAA, ya Marekani kuhusu taarifa za matibabu, inakupa haki ya kupata kumbukumbu za matibabu yako ndani ya siku 30 tangu uombe kwa maandishi, na kituo kinaweza kujiongezea siku 30 nyingine mara moja tu. Panga miezi miwili. Omba kila kitu: fomu ya kupokelewa, maelezo ya kila ziara, jina la ugonjwa lililoandikwa, mpango wa matibabu na muhtasari wa kufunga matibabu. Ulilazwa? Omba karatasi ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Daftari binafsi la mtaalamu wa saikolojia, analolihifadhi mbali na faili, halimo katika haki hiyo, na kwa kawaida halihitajiki. Kwa duka la dawa, omba orodha iliyochapishwa ya dawa zote pamoja na tarehe na dozi. Shuleni, omba matokeo na barua inayosema kama uliwahi kuwa na mpango maalumu wa masomo. Kituo kikiwa kimefungwa au faili zimeharibiwa kwa kupitwa na muda, omba barua inayosema hivyo, yenye jina lako na miaka uliyotibiwa. Bila barua hiyo utaulizwa tena na tena.

Uliyetibiwa katika nchi ulikotoka una kazi zaidi. Hospitali kama Mathari jijini Nairobi au Mirembe kule Dodoma zina ofisi za kumbukumbu. Andika barua, taja namba ya faili kama unayo, na ikibidi mtume ndugu mwenye idhini yako iliyosainiwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinatambua haki yako ya kupata taarifa zako. Karatasi za Kiswahili au za Kifaransa kutoka Bukavu au Bujumbura zitafsiriwe kwa Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri lililosainiwa kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.

Waliofika kama wakimbizi waangalie jambo la ziada. Katika uchunguzi wa afya baada ya kuwasili, kliniki nyingi hutumia dodoso la RHS-15 linalouliza kuhusu huzuni, hofu na kumbukumbu za vita. Kupata alama za juu katika dodoso hilo si sawa na kutambuliwa kuwa na ugonjwa. Lakini kama ulielekezwa kwa mshauri na neno kiwewe likaandikwa kwenye faili, lazima ujue liliandikwa na nani, lini, na kwa msingi gani.

Faili zikifika, zisome neno kwa neno, hasa namba za magonjwa. F32 ni sonona iliyotokea mara moja, F33 ni sonona inayojirudia, F43.2 ni kushindwa kuhimili mabadiliko. Tofauti ya F32 na F33 kwenye karatasi ni tarakimu moja tu, lakini kwa jeshi F33 peke yake inakuzuia hata kama ulipona miaka kumi nyuma. Bima za Marekani kwa kawaida hazilipi kikao kisicho na namba, kwa hiyo mshauri uliyemwona mara tatu aliandika namba fulani, na wakati mwingine huichagua haraka. Ukiona kosa, HIPAA inakuruhusu kuomba marekebisho kwa maandishi, na kituo hupaswa kujibu ndani ya siku 60. Omba lirekebishwe kosa, basi. Kumwomba daktari afute ukweli ni kumuingiza na yeye matatani.

Kisha inakuja fomu ya DD 2807-2, inayotangulia kupimwa katika kituo cha uandikishaji kiitwacho MEPS. Jibu ukiwa na faili mbele yako, tarehe zilingane. Pengine utasikia mtu, hata mwandikishaji, akikushauri uweke "hapana" kila mahali. Usimsikilize. Tangu 2022 vituo vya MEPS vinatumia mfumo wa MHS Genesis, ambao unaweza kuvuta kumbukumbu za hospitali za kiraia na dawa ulizoandikiwa. Kuingia jeshini kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 104a cha sheria za kijeshi, na saini iliyo kwenye fomu ni yako wewe, si ya aliyekushauri. Kwa mhamiaji hatari inazidi: uraia uliopatikana kupitia utumishi wa jeshi unaweza kufutwa ukiachishwa kazi kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema.

Karatasi yenye uzito kuliko zote ni barua ya mtaalamu, ikiwezekana yule aliyekutibu. Barua ya mistari miwili, "anaendelea vizuri, namwunga mkono," haina kazi. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo na itaje jina kamili la ugonjwa, siku matibabu yalipoanza na yalipoisha, idadi ya vikao, dawa na dozi, tarehe ya kidonge cha mwisho, kama uliwahi kulazwa au kufikiria kujidhuru, hali yako leo kwa uchunguzi wa karibuni, na maoni yake kama unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila masharti. Kama anaona namba aliyoiandika zamani haikuwa sahihi, aeleze kwa nini. MEPS yenyewe inaweza kukutuma kwa mtaalamu wake kwa gharama ya serikali. Nenda umepumzika na ueleze yaleyale uliyoandika.

Maelezo yako binafsi yasizidi ukurasa mmoja: nini kilitokea, ulisaidiwaje, umeishije tangu hapo. Msomaji anatafuta uthibitisho wa maisha, kwa mfano kazi ya usiku katika ghala kwa miaka miwili bila kukosa, au mihula uliyofaulu. Malalamiko dhidi ya familia au daktari yaache.

Daktari wa MEPS hatoi msamaha. Yeye hutamka kama unafaa kwa vigezo au la. Usipofaa, tawi la jeshi unalotaka kujiunga nalo ndilo linaloomba msamaha kwa mamlaka yake ya kitabibu, na wewe huwezi kujiombea moja kwa moja. Mwandikishaji ni lazima aamini faili lako linastahili jasho, na alama nzuri za ASVAB, mtihani wa kujiunga na jeshi, humsaidia kushawishi wakubwa wake. Majibu huchukua wiki au miezi. Msamaha wa tawi moja hauhamii jingine, na vivyo hivyo kukataliwa: Jeshi la Nchi Kavu likikataa, Jeshi la Wanamaji linaweza kulitazama upya. Ukikataliwa, uliza sababu na kama ipo tarehe ya kuomba tena. Ombi lilelile bila karatasi mpya hurudi na jibu lilelile.

Ukikubaliwa, usidhani kila kazi iko wazi. Baadhi, kama za urubani, zina vigezo vyake vikali, na zinazohitaji kibali cha kushughulikia siri za serikali zitakujazisha fomu SF-86, ambayo sehemu ya 21 inauliza afya ya akili. Tarehe zako ziwe zilezile. Kati ya kusaini mkataba na kuondoka kwenda mafunzoni, matibabu yoyote mapya lazima uyaripoti, na yanaweza kufungua uamuzi upya. Ukihitaji msaada katika kipindi hicho, upate, kisha umwambie mwandikishaji siku hiyohiyo na umpe karatasi za ziara.