Skrini imelala ubavu tena: setingi za monita ziwekwe mara moja kwa yuza wote

Chumba chetu cha kompyuta kiko Langoni hapa Lamu, mashine sita, zote zina Ubuntu 24.04, na kila anaekuja ana logini yake. Monita moja tumeisimamisha wima kwa sababu kuna wazee wanakuja kusoma skani za tenzi za hati ya Kiarabu, ukurasa wenyewe mrefu, ukiufungua kwenye skrini ya kulala unaona beti nne halafu ni kuskrol mpaka kidole kiume. Mimi nikaingia kwa logini yangu, nikafungua Settings, nikaenda Displays, nikaizungusha, nikaona iko safi nikaenda zangu kuswali maghrib. Narudi, kijana ananipokea mlangoni: "Ami, hini mbona imelala?" Kaingia kwa logini yake na maandishi yako ubavu, anasoma huku shingo imepinda.

Sababu ni kwamba ukibadilisha monita kwenye GNOME, ndo ile desktopu ya Ubuntu yenyewe, yale mabadiliko yanaandikwa ndani ya folda yako mwenyewe, faili inaitwa ~/.config/monitors.xml. Yuza mwengine akiingia mfumo hauiangalii faili yako hata kidogo, unaangalia yake, na kama hana basi unajikisia tu. Nimeona watu wanazunguka kila akaunti moja moja kurekebisha, jamani, ukiwa na yuza arubaini utafanya hivo mpaka lini?

Dawa ni kuiweka ile faili pahali pa mfumo mzima. Kwanza ingia na akaunti yako yenye sudo, yaani yenye ruhusa ya msimamizi, panga skrini kwa Displays kama kawaida, rezolusheni, mzunguko, ukubwa wa maandishi, ipi ya kwanza ikiwa ziko mbili, ukisharidhika bonyeza Apply kisha Keep Changes. Usiiandike ile faili ya monitors.xml (XML ni maandishi ya alama za kufungua na kufunga) kwa mkono, utakosea. Halafu fungua taminali:

sudo install -m 644 ~/.config/monitors.xml /etc/xdg/monitors.xml

Hiyo 644 usiiruke. Ukikopi kwa cp na faili ikabaki ya kusomwa na mwenye faili tu, wengine hawataweza kuifungua na utakaa unajiuliza mbona haifanyi kazi, mimi nilikaa saa nzima.

Sasa hapa watu wengi ndo wanaishia na baada ya wiki wanarudi kulalamika. Kwa kawaida faili ya yuza inashinda ya mfumo, kwa hivo yule aliewahi kuchezea Displays zamani bado ana faili yake na ataendelea kuona upuuzi wake. Fungua /etc/xdg/monitors.xml kwa sudo nano, na chini tu ya mstari wa kwanza wenye monitors version="2" ongeza hivi:

<policy>
  <stores>
    <store>system</store>
  </stores>
  <dbus>no</dbus>
</policy>

Kile kipande cha stores kinasema soma ya mfumo peke yake, za yuza achana nazo, wala huna haja ya kuzifuta. Na ile dbus no ndo kufuli lenyewe, mtu akienda Displays hawezi kubadilisha kitu. Mimi kwangu nimeiweka kwenye mashine ya tenzi tu. Hizo nyengine nimeziachia, kwa sababu kuna bimkubwa mmoja anakuja kujaza fomu za serikali na macho yake hayaoni vizuri, lazima akuze maandishi, siwezi kumfungia. Kumbuka tu kufuli linakufunga na wewe pia, ukitaka kupanga upya toa ile policy kwanza, logi auti, panga, kopi tena, rudisha policy.

Kabla hujatoka hakikisha XML haijavunjika:

xmllint --noout /etc/xdg/monitors.xml

Ikinyamaza basi iko sawa. Kama huna hiyo programu iko kwenye paketi ya libxml2-utils. Halafu logi auti uingie upya, kwa sababu inasomwa pale seshen inapoanza.

Skrini ya logini yenyewe ikibaki imelala, yaani pale kabla mtu hajaweka paswadi, jua ile inaendeshwa na yuza wake anaeitwa gdm. Mpe nakala yake kwenye /var/lib/gdm3/.config/monitors.xml na umilikishe kwa chown gdm:gdm, risstati, bas.

Sasa kitu kilichonisumbua kuliko vyote. Ukiifungua ile faili utaona kila monita imeandikwa connector, vendor, product na serial, yaani tundu iliyochomekwa, kampuni, modeli na namba yake. Lazima vyote vinne vilingane, tena lazima monita zilizochomekwa ziwe zile zile zilizoandikwa, isizidi wala isipungue. Mtu akitoa kebo HDMI-1 akaichomeka HDMI-2 kwa sababu alitaka kupiga fagio nyuma ya meza, setingi yote haipo, na wala hakuna tangazo la kukwambia. Kwa hivo nimetia alama ya rangi kwenye kebo na kwenye tundu.

Na huku kwetu kuna chumvi. Upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya tundu za kebo, pini zinapata kutu, hasa zile adapta za bei rahisi za VGA. Kebo ikiharibika monita inashindwa kujitambulisha, kwenye faili utaona unknown unknown unknown na skrini inashuka mpaka 1024x768, maandishi yamevimba. Usianze kuhariri XML hapo, badilisha kebo kwanza.

Faida ya ule ulinganishaji ni kwamba faili moja inaweza kubeba setingi za mashine zote. Kila mpango uko ndani ya kipande chake cha configuration, unachukua vipande kutoka mashine zote sita unavipanga ndani ya monitors moja, unaisambaza kwa scp, amri ya kukopi faili kupitia netiweki, na kila mashine itachagua kile kinachofanana na monita yake. Mimi nimeitia kwenye flashi pia, maana netiweki siku nyengine haina hali.

Ukitumia ukubwa wa nusu nusu kama asilimia 125, ile haitashika kwa yuza ambae hajawashiwa Fractional Scaling. Iwashe kwa wote kupitia dconf, ile ghala ambamo GNOME inaweka setingi zake. Tengeneza /etc/dconf/profile/user yenye mistari miwili, user-db:user halafu system-db:local, kisha /etc/dconf/db/local.d/00-skrini uandike:

[org/gnome/mutter]
experimental-features=['scale-monitor-framebuffer']

[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 600

Umalizie kwa sudo dconf update. Hiyo ya 600 ni sekunde kabla skrini haijazima, nimeitia hapo hapo kwa sababu umeme wa tokeni si wa bure. Ile ya framebuffer ni kwa seshen ya Wayland, ule mfumo wa kuchora skrini ambao si Xorg ya zamani.

Mwangaza sasa ni hadithi nyengine, ule hauko kwenye faili hizi kabisa, uko ndani ya monita yenyewe na vitufe vyake, na watoto wa skuli wanavipenda sana vile vitufe. Nimeweka ddcutil, programu ya kuiamuru monita kupitia kebo yake, na asubuhi nikifungua mlango napitia kila mashine na

sudo ddcutil setvcp 10 70

namba 10 ni mwangaza, 70 ndo kiwango. Monita mbili za zamani hazijibu kitu, hizo naendelea kuzibonyeza kwa kidole.