Kiko cha Zawadi: Toboa Kwanza, Chonga Baadaye

Kiko kisichotumia maji kina sehemu tatu: bori linalobeba tumbaku, digali inayotoka kwenye bori, na shilamu inayoingia mdomoni. Majina hayo ni ya kiko cha maji cha zamani, ila hapa yanafaa vilevile. Bori na digali hutoka kwenye gogo moja, shilamu huchomekwa. Utakayempa atasifia umbo, lakini kiko kuvutika vizuri au vibaya ni kazi ya matundu yaliyo ndani.

Mbao inayosifika ni uvimbe wa mzizi wa Erica arborea kutoka nchi za Mediterania, unaochemshwa kwa saa nyingi kisha kukaushwa kwa miezi. Mti huohuo unaota pia Kilimanjaro, lakini ndani ya hifadhi, kwa hiyo usiende na jembe. Nunua kipande kilichokwisha kukatwa, au tumia mzeituni mkavu. Msonobari una utomvu, na moshi utanuka hivyo. Mbao za mwembe zikiungua hutoa moshi unaowasha. Mbao za paleti ziache kabisa, maana hujui zimepigwa dawa gani. Mpingo uweke kwa pete ya urembo tu, na uvae barakoa unapoupiga msasa. Kama huna hakika na ukavu wa gogo, lipime uzito kila wiki mpaka lisipungue tena. Gogo bichi litapasuka ubavuni mwa bori, mara nyingi baada ya zawadi kutolewa.

Kata gogo lenye urefu wa milimita 85, kimo 52 na unene 42, pande zote zikiwa na pembe mraba. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachonga umbo kwanza, halafu hawana upande ulionyooka wa kubana kwenye jiliwa. Chora mistari ya katikati. Kitovu cha bori kiwe milimita 22 kutoka uso wa mbele. Mstari wa njia ya moshi uwe milimita 14 juu ya kitako.

Anza na mwisho wa digali. Toboa tundu la milimita 8, kina 20, la kupokea ulimi wa shilamu. Bila kulisogeza gogo, badilisha biti, weka ya milimita 4 na uendelee mpaka kina cha milimita 63, chini ya kitovu cha bori. Biti ya kawaida ya milimita 4 ina urefu wa 75 tu, na drili inameza sehemu yake, tafuta ndefu. Itoe kila baada ya milimita 5 uondoe unga, la sivyo itapinda na kufuata nyuzi za mbao.

Bori linatobolewa mwisho, kutoka juu: kipenyo milimita 19, kina 38. Biti bapa inafaa ukiisaga ncha iwe ya mviringo, ili kitako kisiwe na kona za kuficha tumbaku mbichi. Zungusha polepole. Ukiona moshi, simama. Milimita 3 za mwisho, chungulia kila mara kwa tochi: njia ya moshi itokee sawasawa na kitako. Ikitokea juu, maji hutuama chini. Ukipitiliza, utaacha mfereji kwenye kitako, na kitako chembamba huungua mpaka nje.

Shilamu nunua iliyo tayari. Punguza ulimi wake kwa msasa, ukiujaribu kila mara, mpaka uingie kwa kuzungusha bila kulazimisha. Ukilazimisha, digali inapasuka. Ulimi uwe mfupi kuliko tundu kwa nusu milimita tu. Nafasi ikizidi, unyevu hukusanyika humo na kiko kinaanza kulia. Kwenye kiko cha maji, mlio ni raha. Kwenye hiki ni kasoro.

Sasa chonga, shilamu ikiwa mahali pake ili iende sambamba na digali. Ondoa kona kwa msumeno, kisha kwa tupa la mbao. Bori libaki na kipenyo cha nje cha milimita 38, yaani ukuta wa 9.5, usiteremke chini ya 8. Digali iwe 16. Msasa: 120, 220, 400, 600. Kabla ya 600, futa mbao kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zisimame, ikauke, ndipo upige.

Vanishi hapana; joto huivimbisha. Paka nta kiasi, usugue kwa kitambaa mpaka ing'ae. Ndani ya bori paka unga laini wa makaa uliokorogwa na mtindi hadi uwe mzito, huku waya wa kusafishia kiko ukiwa umeziba njia ya moshi. Acha siku tatu.

Mpe mtu mzima ambaye tayari anavuta. Hakuna sababu ya kumfundisha mtu tumbaku. Weka na karatasi ndogo kwenye kisanduku: mara chache za kwanza ajaze theluthi moja, kisha nusu, na asichomoe shilamu kiko kikiwa bado cha moto.